Chapati ngapi asubuhi ndo kiasi? Nesi kasema nipunguze ila hajasema nifikie wapi

Jamaa_wa_Nzuguni
Habari zenu wakuu, poleni na vumbi la huku kwetu. Nina swali ambalo wengine wataona la kitoto ila naombeni msicheke sana. Naishi Nzuguni hapa Dodoma na ofisi iko Mtumba, kwa hiyo natoka home saa 12 asubuhi hata jiko halijawashwa, nafika napiga strungi tu, ikifika saa 4 ndo tunashuka kwa mama ntilie. Pale ni supu ya kongoro na chapati, na mnajua chapati za pale zilivyo, unaanza na mbili halafu mchuzi unabaki kwenye bakuli, sasa mchuzi utauacha? Unaongeza ya tatu. Unashushia chai ya maziwa tamu kweli kweli. Saa 8 wali maharage sahani imejaa, usiku ugali.

Juzi nimepima presha kituo fulani cha afya iko juu kidogo, na kilo zimepanda, suruali za kazini zote zinabana. Nesi akaniambia "baba punguza kiasi". Nikamuuliza kiasi gani, akasema kiasi tu, usishibe sana, akaita mtu mwingine. Sasa wakuu kiasi ndo nini? Mzani wa jikoni sina, na hata ningekuwa nao siwezi kukaa pale kibandani napima wali mbele za watu wataniona nimerukwa na akili. Halafu kuna jamaa ofisini anasema niache kabisa kula asubuhi, yeye anashinda na maji mpaka saa 7. Wenye uelewa mnisaidie, kwa lugha ya sahani na kikombe, sio ya maabara. Nawasilisha.

Fundi_Ilazo
Chapati tatu na kongoro afu unauliza presha imetokea wapi hahaha. Mkuu pole lakini, hata mimi chakula changu ndo hicho hicho, naweka kambi hapa nisubiri wataalamu.

Dada_Lishe
Kaka Nzuguni swali lako sio la kitoto, ndo swali ambalo watu wengi wanatoka nalo kliniki bila jibu. Mimi kazi yangu ni lishe, niko halmashauri moja hapa mkoani, na tukienda vijijini huwa hatubebi mzani, tunatumia mkono wa mtu mwenyewe kwa sababu mtu mkubwa ana mkono mkubwa na mdogo ana mdogo, inajirekebisha yenyewe.

Iko hivi, kunja ngumi: hiyo ngumi ndo ugali wako au wali wako au viazi vyako kwa mlo mmoja, ukiwa unafanya kazi ya nguvu ongeza nusu, ila kazi ya kiti ngumi moja inatosha. Kiganja bila vidole ndo nyama au samaki, maharage yanaweza kufika ngumi. Mboga za majani jaza viganja vyote viwili ukiviunganisha, hapo hakuna wa kukukataza. Mafuta ni ncha ya kidole gumba. Sahani ukiiangalia kwa juu, nusu iwe mboga na tunda, robo ugali au wali, robo iliyobaki maharage au nyama. Sasa nenda kaangalie sahani ya kibandani saa 8, wali umechukua sahani yote na mchicha uko pembeni kijiko kimoja kama pambo. Huhitaji mzani kuona hapo kuna tatizo, mwambie tu mama "wali nusu, mboga mara mbili", wengi wanakubali, mwingine atakudai jero ya mboga mpe.

Ila kwa presha yako mimi ningeanza na chumvi kabla ya chapati. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chumvi yote, ya supu, ya maharage, ya chapati, ya mboga ya usiku. Supu ya kibandani imeshawekwa chumvi na pengine vile vidonge vya viungo vya supu navyo vina chumvi, halafu mtu anafika anachukua kikopo cha mezani ananyunyizia kabla hata hajaonja. Kamulia ndimu, weka pilipili, kikopo kisogeze kwa jirani.

Mama_Chapati
Naona tunasemwa humu, nimekuja. Mimi ni muuzaji, sio wa huko Mtumba kwa kaka ila ni hapa hapa Dodoma. Niwaambie ukweli wa jikoni maana kwenye chapati hamna siri. Kilo moja ya unga wa ngano mi natoa chapati 12, za jero jero. Wapo wanaotoa 15 lakini wateja wanalalamika ni nyembamba, wanahamia kwa jirani. Mafuta robo lita kwa hiyo kilo, ya kukandia, ya kupaka wakati wa kukunja ule mduara ndo maana zinachambuka, na ya kukaangia, na kwenye chuma hayabaki ya kusema. Mteja akishika chapati vidole visipong'aa anasema leo mama umebana mafuta. Sasa mnataka nifanyeje? Nikipunguza mnasema kavu, nikiweka mnaenda kupima presha.

Na chai, mimi siweki sukari kwenye sufuria siku hizi, naweka kopo mezani kila mtu na mkono wake. Weee, kuna baba mmoja anaweka vijiko vinne na kile kikombe cha bati, anakoroga, anaonja, anaongeza.

Dada_Lishe
Mama Chapati asante sana, wewe umetupa hesabu kuliko vitabu. Ngoja nipige hapo hapo: kilo ya unga wa ngano ina kalori kama 3,600, gawa kwa 12 ni 300. Robo lita ya mafuta ni kama 2,000, hata tukisema mengine yameishia kwenye chuma, chapati moja inafika 400 na zaidi. Tatu ni 1,200, bado supu, bado chai. Mtu mzima wa kazi ya ofisini siku nzima anahitaji kama 2,000 mpaka 2,500, kwa hiyo kaka yetu saa 4 asubuhi ameshakula nusu ya siku na bado wali na ugali vinamsubiri. Yai la kuchemsha ni kama 75, kiazi kitamu cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi hakifiki 200. Sisemi chapati ni sumu, kula moja na supu yenye nyama, acha ile ya tatu ya kufuta bakuli, mchuzi unywe kwa kijiko.

Na sukari, ushauri ni ikiwezekana isizidi kama gramu 25 kwa siku, vijiko sita vya chai visivyo na kichuguu. Baba wa vijiko vinne akinywa vikombe viwili ameshapita, na akishushia soda ya chupa mchana hapo kuna kama vijiko vinane tisa vingine.

Mjukuu_wa_Chikoti
Mbukwenyi. Shida yenu watu wa mjini mmeacha vyakula vya huku mmekumbatia ngano. Bibi yangu Mvumi kule asubuhi ni uji wa uwele hauna sukari, mchana ugali wa mtama na mlenda wa karanga, na presha hakuijua mpaka uzeeni. Kaka wewe rudi kwenye uwele na ulezi, kula ushibe, hutasikia habari za vipimo vya ngumi. Na uwele hauna wanga kama sembe.

Dada_Lishe
Mbukwa ndugu yangu, nakubaliana na wewe nusu. Uwele, mtama na ulezi ni vizuri kweli, vinasagwa na ganda lake kwa hiyo nyuzinyuzi zipo na shibe inakaa, ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi kwa mbali sana. Ila wanga vinao kama sembe tu, ngumi ni ile ile hata ugali ukiwa mweusi. Bibi alikuwa anatembea kwenda shamba na kisimani, kaka yetu anatembea kutoka kwenye daladala mpaka kwenye kiti.

Na mlenda nao tuwe wakweli, unapikwa na magadi, na magadi yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi. Mwenye presha aweke kidogo sana au aombe usiowekwa, na karanga zihesabiwe kama mafuta. Tena karanga na mahindi viwe vikavu na visivyo na ukungu, tusisahau mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Ukisaga unga wa uji saga kidogo kidogo, usirundike.

Mjukuu_wa_Chikoti
Mlenda bila magadi sio mlenda huo dada, hapo umenipoteza kabisa. Mengine nimekuelewa.

Mshindania_Afya
Mimi ni kama yule jamaa wa ofisini, sili asubuhi na niko poa. Msiwatishe watu.

Dada_Lishe
Sitishi mtu. Kama huna ugonjwa na ukifika saa 7 huli kwa hasira, endelea. Ila mwenye kisukari anayemeza dawa au kuchoma insulini asijaribu bila kuongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka akaanguka. Na kwa Jamaa wa Nzuguni naona tatizo sio kula asubuhi, ni kwamba anatoka saa 12 tumbo tupu, saa 4 ana njaa ya kula na meza. Beba kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha kutoka jana usiku na yai, kula ukifika, uone kama hiyo chapati ya tatu itakuita tena. Presha karudie kupima, usiishie kwenye uzi huu.

Jamaa_wa_Nzuguni
Aisee nimesoma mara mbili. Hii ya kalori 1,200 saa 4 asubuhi imeniuma kweli. Jana nimejaribu kumwambia mama "wali nusu mboga mara mbili", akaniangalia akasema "mwisho wa mwezi bado mbali eeh baba?" akanipa bila kunidai kitu. Mke nimemwambia achemshe viazi vya ziada usiku, kakubali ila kasema kubeba nibebe mwenyewe. Dada Lishe swali dogo, Jumamosi tukienda mnadani Msalato, nyama choma nayo ni kiganja kile kile?

Dada_Lishe
Kile kile kaka. Na kiganja ni chako, sio cha mwenzako wa mezani.

Fundi_Ilazo
Basi mimi Jumamosi nakaa na mtu mwenye mikono mikubwa.

Mama_Chapati
Na mimi kuanzia wiki ijayo nitakuwa na viazi vya kuchemsha na mayai pembeni ya chapati, nione kama maneno ya humu ni ya kweli. Vikibaki nawaleteeni hasara yenu.