Kula kwenye trattoria na pizzeria za Roma: bili, nguruwe na mvinyo

Mwana wa Pangani:

Wanajukwaa, assalaam alaykum na habari za wakati huu.

Mwezi Oktoba nitakuwa Roma kwa mkutano katika makao makuu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, jirani na uwanja wa kale wa Circo Massimo. Chakula cha mchana kitapatikana hapo hapo, lakini jioni kila mjumbe atajitegemea, na posho ya safari, kama mnavyojua, hutakiwa imlishe mtu na bado irudi nyumbani ikiwa na kitu. Sitafuti hoteli za kifahari. Ninatafuta trattoria, yaani migahawa ya kawaida ambayo Mrumi mwenyewe huingia na mkewe bila kuvaa tai.

Nina mambo mawili yanayonitatiza. La kwanza ni bili, kwa sababu wenzangu waliotangulia wamerudi wakilalamika kwamba walilipia vitu ambavyo hawakuviagiza. La pili ni kwamba mimi sili nguruwe wala situmii mvinyo, hata uliopikiwa, na nyama isiyochinjwa kwa taratibu zetu huiacha, hivyo mara nyingi huishia kwenye samaki, mboga na jibini. Je, inawezekana kula vizuri jioni zote bila kumhoji mhudumu kama polisi kila ninapoketi?

Mkaazi wa Ostiense:

Wa alaykum salaam, Ndugu Mwana wa Pangani. Umepangiwa mahali pazuri kuliko unavyodhani. Kutoka kituo cha Circo Massimo, ukipanda metro ya mstari B, kituo kinachofuata ni Piramide, na ukishuka hapo umeshafika ukingoni mwa Testaccio, mtaa ambao kwa maoni yangu ndio wenye chakula cha Kirumi chenye uaminifu zaidi kwa bei ya mtu wa kawaida. Palikuwa na machinjio makubwa ya jiji hadi mwaka 1975, na wachinjaji walikuwa wakipewa sehemu ambazo matajiri hawakuzitaka: utumbo, mkia, ulimi, kwato. Ndiyo sababu menyu za hapo hadi leo zina *trippa*, yaani utumbo uliopikwa kwa nyanya na nanaa ya porini kisha kunyunyiziwa jibini, na *coda alla vaccinara*, mkia wa ng'ombe uliochemshwa taratibu hadi nyama inaachia mfupa. Wewe hutavila, lakini nimevitaja kwa ajili ya wajumbe wenzako, ambao wakikaa Roma siku zote hizo wakila pizza tu watakuwa wamejinyima.

Sasa bili. Kuna mahesabu ambayo mgeni huyaona kuwa wizi ilhali yameandikwa kwenye menyu, na kuna mengine ambayo kweli ni ujanja. Sehemu nyingi za Italia hutoza *coperto*, ada ya kukalia meza. Mkoa wa Lazio, ambamo Roma imo, uliikataza kwa sheria ya mwaka 2006, lakini mikahawa inaruhusiwa kutoza mkate, na ndiyo maana utaona neno *pane* na yuro moja au mbili kwa kila mtu. Mkate huo unaweza kuukataa pale unapoletwa, wala si baada ya kuumega. *Servizio* ni ada ya huduma, nayo ni halali iwapo imetajwa kwenye menyu. Ukishailipa, huna haja ya kufikiria bakshishi, na hata isipokuwepo bakshishi si lazima. Waroma wengi huacha sarafu zilizobaki na kuondoka.

Panapohitaji macho zaidi ni kwa samaki, na kwa kuwa wewe utamtegemea samaki, soma vizuri. Bei ikifuatwa na neno *all'etto*, hiyo ni bei ya gramu 100, wala si ya sahani. Samaki mzima wa kuchoma hufikisha kilo bila taabu, na bei iliyoonekana ya huruma inazidishwa mara kumi. Mwombe mhudumu ampime kabla hajaingia jikoni na akutajie jumla. Ni jambo la kawaida na hakuna atakayenuna. Ukiona kinyota kando ya jina la chakula, maana yake kilikuwa kimegandishwa.

Kwa bei za sasa, sahani ya pasta kwenye trattoria ya kawaida ni takriban yuro 11 hadi 15, na pizza ya duara yuro 8 hadi 12. Maji ya chupa huletwa bila kuulizwa kama unataka ya bomba, kwa hiyo sema mapema. Barabarani maji ni bure: yale mabomba ya chuma yenye pua, *nasoni*, yaliyotapakaa mji mzima tangu karne ya 19, hutoa maji safi ya kunywa mchana na usiku, na mwenye chupa yake hana sababu ya kununua.

Dai risiti, *scontrino*, kila unapolipa. Mwenye mkahawa anawajibika kuitoa, na mhasibu wako atakuwa anaisubiri.

Binti wa Malindi:

Niongeze kidogo kwa upande wa kuagiza. Kwetu Malindi, ambako Waitaliano wamekuwepo kwa wingi tangu mradi wa setilaiti wa San Marco miaka ya 1960, tumekua tukiwaona wakila, na jambo ambalo wageni wengi hawalielewi ni kwamba menyu ndefu haimlazimishi mtu kuimaliza. *Antipasto* hutangulia, kisha *primo* ambayo ni pasta au supu, kisha *secondo* ambayo ni nyama au samaki, halafu tamu. Mtu anaweza kuagiza primo peke yake na akala kwa heshima zake zote. Ila secondo huja pweke sahanini, bila wali, viazi wala mboga. Vitu hivyo huagizwa kando chini ya kichwa *contorno*, na bei yake ni ya kando. Wengi wa wanaolalamika kwamba wamelipishwa vitu ambavyo hawakuagiza, kaka yangu, huwa waliulizwa "na mboga?" wakaitikia kwa kichwa.

Pizza ni moja kwa mtu mmoja. Ile ya Kirumi ni nyembamba na inakatika kwa mlio, haimshibishi mtu kama inavyoonekana.

Tena, usiende na njaa ya saa kumi na moja jioni. Jiko la trattoria hufungwa baada ya chakula cha mchana na hufunguliwa tena kama saa moja au saa moja na nusu usiku. Kwako hilo ni neema, kwani Oktoba jua huzama kabla ya saa moja: utaswali Magharibi kwa utulivu ndipo uende mezani.

Mpishi wa Esquilino:

Nimefanya kazi kwenye majiko ya mji huu, kwa hiyo nitajibu lile la pili, ambalo wenzangu wamelipitia juu juu.

Habari njema ni kwamba trattoria za Roma zinafanana mno. Ukisoma menyu moja umesoma mia. Kwa sababu hiyo huhitaji kumhoji mhudumu. Unahitaji kuvijua vyakula kumi au kumi na tano kabla hujaondoka nyumbani, kisha uingie popote ukiwa na jibu lako. Tuanze na pasta nne zinazopatikana kila mahali. *Carbonara*, *amatriciana* na *gricia*, zote tatu zina *guanciale*, yaani nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, na mafuta yake ndiyo yanayoubeba mchuzi, kwa hiyo kumwambia mpishi aitoe nyama ni kupoteza maneno: ukichambua vipande na kuviweka kando, umeshakula nguruwe. Ya nne, *cacio e pepe*, ni tambi, jibini ya kondoo, pilipili manga na maji ya tambi zenyewe, basi. Hiyo ndiyo yako. Lakini niseme ukweli wote: jibini ya Pecorino Romano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa mwana-kondoo, naye hakuchinjwa kwa taratibu ulizozitaja. Suala hilo ni la shekhe wako, si la mpishi.

Wengi hudhani orodha ya vizio, *allergeni*, yaani vyakula vinavyoweza kumdhuru mtu mwenye mzio, ambayo sheria ya Umoja wa Ulaya inadai iwepo, itawaokoa. Haitawaokoa. Ina vitu 14, vikiwemo gluteni, maziwa, mayai, samaki na karanga, na nguruwe hayumo, kwa sababu orodha hiyo ni ya afya, haihusu dini. Utakuta sahani isiyo na alama hata moja ya hatari huku imekaangiwa mafuta ya nguruwe.

Mahali nguruwe anapojificha ni hapa. Mboga za majani zilizokaangwa kwa kitunguu saumu, *cicoria ripassata*, kwa kawaida ni za mafuta ya zeituni na hazina tatizo. Maharagwe, yaogope: huanzishwa mara nyingi kwa ngozi au mafuta ya nguruwe. *Supplì*, vile vibonge vya wali vya kukaanga vyenye jibini inayovutika katikati, huwa na mchuzi wa nyama ya kusaga, na nyama hiyo mara nyingi imechanganywa na ya nguruwe. Maua ya maboga yaliyojazwa jibini na dagaa wa chumvi, *fiori di zucca*, hayana nyama kabisa, lakini hukaangwa kwenye karai lile lile la supplì. Wewe ndiye utakayeamua kama hilo linakusumbua. Bilingani za *parmigiana* huwa salama katika majiko mengi, ingawa nimeliona jiko moja likizitia mchuzi wa nyama ili zionekane nzito.

Mvinyo ni mgumu kuliko nguruwe, maana mpishi wa Kiitaliano haufikirii kuwa ni kiungo. Ukimuuliza kuna nini kwenye tambi za chaza, *vongole*, atakutajia kitunguu saumu, mafuta, majani ya parsley na pilipili, na hatataja glasi ya mvinyo mweupe aliyoimwaga kwenye kikaango, kama vile mtu asivyotaja maji. Kwa hiyo swali liwe la wazi: *c'è vino nella cottura?*, yaani "je, kuna mvinyo katika upishi?" Tiramisù nayo huwekwa Marsala, ambayo ni mvinyo, au ramu katika majiko mengi.

Sikubaliani na dhana inayorudiwa kila siku kwamba ukikaa mbali na Colosseo, lile gofu linalojaa watalii, umepona. Nimewahi kula vibaya sana mtaa wa Trastevere, kwenye kichochoro kisicho na mtalii, na nimekula vizuri hatua chache kutoka kwenye magofu. Tazama urefu wa menyu. Jiko lenye wapishi wawili haliwezi kupika vyakula sitini siku moja. Likidai hivyo, friza ndiyo inayopika.

Mwana wa Pangani:

Nawashukuru nyote, hasa Mpishi, kwa kunionyesha kwamba kazi hii hufanywa kabla ya kuketi. Nina nyongeza moja. Nimesikia kwamba katika mtaa wa zamani wa Wayahudi, Ghetto, kuna mikahawa isiyopika nguruwe kabisa. Je, inafaa, na je, siku za mafua, pale mtu asipotaka kukaa mezani, kuna chakula cha haraka kisicho burger?

Mkaazi wa Ostiense:

La haraka ndilo jepesi. Tafuta *pizza al taglio*: trei ndefu zinapangwa nyuma ya kioo, unaonyesha kwa kidole, muuzaji anakata kwa mkasi, anapima kwenye mizani, unalipia uzito. Ya viazi na mrozimari, ya nyanya tupu, ya maua ya maboga, zote utaziona kwa macho yako kabla hujalipa, na hilo ni jambo ambalo trattoria haiwezi kukupa. Hapo Testaccio kuna pia *trapizzino*, kona ya mkate wa pizza iliyojazwa mchuzi, iliyobuniwa mtaani humo mwaka 2008. Mara nyingi mojawapo ya mijazo huwa bilingani. Mwombe muuzaji abadilishe mkasi au kisu ikiwa ametoka kukata yenye soseji.

Mpishi wa Esquilino:

Ghetto inafaa, kwa masharti. Kwanza, si kila mkahawa ulioko Via del Portico d'Ottavia ni wa kosher, yaani unaofuata sheria za chakula za Kiyahudi. Mingine hupika chakula cha Kiyahudi cha Kirumi huku carbonara ya nguruwe ikiwa ukurasa wa pili. Tafuta cheti ukutani. Kwenye wa kosher hakuna nguruwe, na nyama haichanganywi na maziwa, hivyo mkahawa wa nyama hautakuwa na jibini, na carbonara yake, ikiwepo, hupikwa kwa nyama kavu ya ng'ombe. Mvinyo lakini upo, kwani kwao si haramu, na swali lako la *cottura* utaliuliza kule kule.

Chakula maarufu cha hapo ni *carciofi alla giudia*, ua la mboga iitwayo artichoke, lenye magamba, linalokaangwa zima hadi majani ya nje yanakuwa makavu ya kutafunika. Msimu wake hasa ni kuanzia mwisho wa majira ya baridi hadi masika. Ukiliona kwenye menyu mwezi Oktoba, uliza lilikotoka kabla ya kulilipia bei ya msimu. *Filetti di baccalà*, minofu ya samaki wa chumvi aliyelowekwa na kukaangwa kwa unga mwepesi, hupatikana mwaka mzima. Usipange kwenda Ijumaa jioni wala Jumamosi mchana, kwa kuwa ni Sabato na mikahawa yenye cheti huwa imefungwa. Siku nyingine zote piga simu asubuhi ushike meza, hasa kama mtakuwa wajumbe zaidi ya wanne.