Wauza "stem seli" za unga, mmemlaza mdogo wangu wodini halafu mnatuambia ni sumu inatoka

Wakuu naandika nikiwa na hasira mnivumilie, na mods msiuhamishie uzi huu kwenye biashara ya mtandao, hapa naongelea ugonjwa.

Mdogo wangu wa kike ana soriasisi tangu yuko fomu three, mwaka wa 9 huu. Kwa wasioijua siyo fangasi na haiambukizi, ni kinga ya mwili inaishambulia ngozi yake yenyewe, ngozi ya kawaida inachukua kama mwezi kujibadilisha lakini ya kwake siku chache tu ndo maana magamba yanapandana. Na sisi weusi haiwi nyekundu kama zile picha za Google, inakuwa rangi ya zambarau iliyoiva na magamba ya kijivu juu yake, watu kwenye daladala wanahama siti. Ila alikuwa ameshatulia jamani. Metotreksati (kidonge cha kutuliza kinga) mara moja kwa wiki, folik asidi, anapima damu kuangalia ini, yakabaki mabaka kwenye viwiko tu.

Akatokea dada mmoja anayesali naye. Vipakiti vya unga anaouita "stem seli" (seli shina, yaani seli mama zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), unamwaga chini ya ulimi, boksi laki na themanini na kwa mwezi unatakiwa maboksi mawili. Akamwambia aache vidonge vya hospitali kwasababu "kemikali zinaua seli mpya". Binti kachoka na ugonjwa, kaacha.

Wiki ya tatu mgongo na kichwa vyote magamba. Kauliza, kajibiwa hiyo ni sumu inatoka, dawa imeshagusa mzizi, ongeza dozi!! Wiki ya tano mwili mzima umewaka kuanzia usoni mpaka nyayo, yuko Dar mchana wa Februari anatetemeka kwa baridi na blanketi juu, shuka ukilikung'uta unajaza kiganja. Daktari akatuambia ngozi ikifika hapo haishiki tena joto wala maji ya mwili na mtu anaweza kufa. Siku 11 wodini, na yule dada kwenye simu bado anasema tusikate tamaa, sumu ni nyingi.

Nikasoma nyuma ya boksi. Tofaa na zabibu. Yaani seli ya tofaa, imekaushwa, imesagwa, imekufa, ndo igeuke ngozi ya binadamu? Hata ingekuwa hai ukishaimeza tumbo linaisaga kama linavyosaga mchicha.

Na kinachonikera kuliko hela ni kwamba hizi seli shina za kweli zipo na zinafanyiwa utafiti kwa ajili ya watu kama mdogo wangu. Kuna wagonjwa wa saratani ya damu waliopandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa mtu mwingine, walikuwa na soriasisi pia, na wengine ngozi zikasafika. Watafiti wanazitoa kwenye uloto, kwenye mafuta ya mwili, kwenye kitovu cha mtoto mchanga, wanamdunga mgonjwa wakitegemea zitatuliza kinga iliyochachamaa. Lakini ni majaribio, hata Marekani hazijaidhinishwa kwa soriasisi, na huko huko Florida mwaka 2015 kuna wanawake 3 kliniki iliwadunga machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe wakaishia kupofuka. Hapa kwetu Muhimbili wanapandikiza uloto, ila ni kwa magonjwa ya damu na mtu analazwa na kuchungwa, hapewi kipakiti akalambe nyumbani. Nyie mmechukua jina la kazi ya watu mkalibandika kwenye unga wa matunda.

Kama unauza hii kitu na unasoma hapa nijibu hapa hapa usinifuate inbox: hizo seli zimetoka kwa nani, ziko hai ngapi ndani ya kipakiti, na nani alikutuma umwambie mgonjwa aache dozi yake? Usiniletee ushuhuda wa mama yako mdogo.

Mdogo wangu karudishiwa dawa zake, wiki iliyopita kaanza kulala usiku. Nywele bado zinanyonyoka. Yule dada jana kaweka status ofa ya boksi moja upate la pili nusu bei, nimeipiga picha, meseji zake zote za "ongeza dozi" ninazo na miamala nimeshaiprinti, jumatatu asubuhi niko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwenye ndugu aliyeambiwa aache dawa kama huyu wangu aniambie kabla ya hapo twende pamoja.