Yorkie wangu ana chonge mbili mbili: ning'oe sasa au nisubiri afungwe kizazi?

Mama Karanga (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nina mbwa jike aina ya Yorkie, jina lake Karanga, katimiza miezi sita majuzi, kilo mbili hazijafika. Meno ya mbele yalidondoka vizuri tu, mengine nimeyaokota kwenye zulia kama punje za mchele. Shida ni chonge. Zile za utoto zimegoma kutoka, na za ukubwani zimeshachomoza pembeni yake, juu na chini. Ukimfunua mdomo unahesabu chonge nane badala ya nne. Katikati yake pamenasa nywele na makombo, na mdomo umeanza kunuka.

Daktari wa kwanza alimwangalia harakaharaka, akasema tumwache, yatatoka yenyewe, na yasipotoka atayang'oa siku ya kumfunga kizazi, ambayo anataka iwe baada ya joto la kwanza, yaani akishataka dume mara ya kwanza. Nikapiga simu kwingine, nikaambiwa nimlete wiki hii hii. Mzee wa nyumba anasema hiyo ni mbinu ya kula hela, tangu lini mbwa akang'olewa meno! Mimi ninachoogopa ni nusu kaputi kwa kiumbe kidogo namna hii. Mliopitia hili mlifanyaje? Nipo Dar.

Mtu wa Bunju

Huku kwetu mbwa wanatafuna mifupa ya supu na wanalinda geti vizuri tu. Mimi mwenyewe jino linauma tangu Pasaka sijaenda hospitali, wewe unampeleka mbwa 😂

Shangazi Poa

@Mtu wa Bunju nenda hospitali kaka. Mleta uzi, funga jino kwa uzi mgumu, vuta mara moja, kama tulivyofanyiwa utotoni. Likitoka tupa juu ya bati.

Kipara wa Ngong Road

Shangazi usimpotoshe mwenzako tafadhali. Mimi niko Nairobi, nina Chihuahua. Jirani yangu alijaribu kuvuta jino la mbwa wake kwa koleo, likakatikia ndani. Ufizi ulifura, usaha ukaanza kutoka, na mwishowe daktari alilazimika kupasua ili atoe kile kipande. Bili ikawa kubwa kuliko ile aliyokuwa anaikwepa. Wangu aling'olewa chonge mbili za juu na jioni hiyo hiyo alikuwa anadai chakula.

Daktari wa Ng'ombe na Paka

Mimi ni daktari wa mifugo, nimekuwa nasoma tu lakini huu uzi umenigusa.

Mama Karanga, wengi wanauliza "ang'olewe akiwa na miezi mingapi", na hapo ndipo wanapopotea. Umri unakupa makadirio tu. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, akikua anakuwa na 42. Ya mbele huanza kubadilika kwenye miezi mitatu hadi mitano, chonge kwenye miezi mitano hadi sita, na kufikia miezi saba kila kitu kinatakiwa kiwe mahali pake. Kinachoamua ni hiki: meno mawili ya aina moja hayatakiwi kukaa kwenye nafasi moja. La ukubwani likishatoboa ufizi na la utoto bado limesimama imara, hilo la utoto limeshachelewa, awe na miezi mitano au saba. Kama linacheza ukiligusa, mpe wiki moja, mbili zikizidi sana. Kama halichezi kabisa, unasubiri nini?

Kwa mbwa wadogo kama Yorkie, Maltese, Chihuahua, Pomeranian na Poodle wadogo tunaliona hili kila mara. Kawaida jino jipya likipanda, mzizi wa lile la zamani huyeyuka taratibu mpaka linadondoka. Kwa hawa mara nyingi mzizi hauyeyuki, au jino jipya linapita kando.

Na chonge za chini ndizo zinazonifanya nikuambie usingoje joto la kwanza. Chonge mpya ya chini huota upande wa ndani wa ile ya utoto, yaani upande wa ulimi. Ya zamani isipoipisha, mpya inaendelea kurefuka ikiwa imebanwa ndani, na mbwa akifunga mdomo ncha yake inachoma kaakaa. Nimeona kaakaa lenye shimo kwa sababu hiyo. Za juu ni kinyume, mpya huota mbele ya ile ya zamani, na ikisukumwa mbele inaziba ule mwanya ambao chonge ya chini ingekaa. Jino likishakomaa mahali pasipo pake, kung'oa la utoto hakulirudishi. Unaanza habari nyingine ya kunyoosha meno, na kwa hapa kwetu sijui wangapi wataimudu gharama.

Mbwa wadogo wengi huingia joto la kwanza kati ya miezi sita na kumi. Ukisubiri mpaka lipite ndipo afungwe kizazi, chonge itakuwa imeshafika mwisho wa safari yake.

Kipara wa Ngong Road

Daktari, na akitaka kujua lipi ni lipi?

Daktari wa Ng'ombe na Paka

La utoto ni jembamba, limechongoka kama sindano. La ukubwani ni nene, ncha yake butu kidogo. Juu, la mbele ndilo jipya. Chini, la ndani ndilo jipya. Mwambieni Shangazi ahakikishe kwanza uzi wake haujafungwa kwenye jino jipya 😀

Utani kando, chonge ya utoto ina mzizi mrefu uliopinda, mrefu kuliko sehemu unayoiona, na inalala ubavuni mwa ile mpya. Ukivuta kwa nguvu inakatika, au unaliumiza jino la kudumu ambalo bado halijakomaa. Ndiyo maana tunailegeza polepole kwa vifaa vyembamba, mbwa akiwa amelala kabisa. Ganzi peke yake haitoshi, hakuna mbwa atakayekutulizia kichwa.

Mama Karanga

Asante sana daktari, nimeelewa sasa. Nimempiga picha akiwa amefunga mdomo huku nimeinua mdomo wa juu. Chonge ya chini kushoto kweli imeingia ndani, na kwenye kaakaa kuna kidoa chekundu. Maswali mawili: nusu kaputi, na eksirei ni lazima?

Daktari wa Ng'ombe na Paka

Hicho kidoa ndicho jibu lako, ni wiki hii.

Nusu kaputi: uliza wanachofanya ili asipate baridi na sukari isishuke, maana kwa mbwa wa kilo moja na kitu hivyo ndivyo vinavyosumbua. Usimnyime chakula usiku kucha kwa sababu tu jirani alimfanyia hivyo German Shepherd wake. Wadogo hawa hufungishwa saa chache, na saa zenyewe akutajie daktari atakayemlaza. Apimwe uzito siku hiyo hiyo. Uliza pia ni nani atakuwa anamwangalia pumzi na mapigo wakati mwenzake anang'oa. Akikujibu "mimi mwenyewe tu", tafuta kwingine.

Eksirei: ningeitaka. Inaonyesha mzizi umefika wapi, na baadaye inahakikisha hakuna kipande kilichobaki. Kuna pia mbwa ambao la ukubwani halipo kabisa chini ya ufizi. Hao la utoto likiwa zima tunaliacha. Wako si hivyo, yake yanaonekana.

Baadaye apewe chakula laini wiki moja au mbili, bila mifupa wala kuvutana kamba. Dawa ya maumivu ni ile atakayokupa daktari. Ibuprofeni na diklofenaki za dukani msimpe, zinatoboa tumbo na kuharibu figo za mbwa. Dawa ya meno ya binadamu nayo acheni, baadhi zina xylitol ambayo ni sumu kwao.

Mzee wa Pomeranian

Kuhusu hela, sehemu kubwa ya bili ni usingizi na maandalizi. Kwa hiyo zungumza nao, huenda wakamfunga kizazi hapo hapo kwa usingizi mmoja. Huyo daktari wa kwanza wazo lake la kuunganisha si baya, ila tarehe ndiyo imekaa vibaya.

Mama Karanga

Nimeshapiga simu. Alhamisi asubuhi, eksirei wanayo, na wamekubali kumwangalia kama anafaa kufungwa kizazi siku hiyo. Mzee wa nyumba nimemwonyesha kile kidoa, amenyamaza na kuulizia saa ya kumpeleka.

Binti Makunduchi

Jamani nami nidandie. Wangu ni Shih Tzu wa miezi mitatu, meno yote ya utoto bado. Nimpeleke?

Daktari wa Ng'ombe na Paka

Hapana, bado ana haki nayo. Mwangalie tu akiwa amefunga mdomo: kama chonge ya utoto ya chini inachoma kaakaa hata sasa, huyo anaweza kuhitaji kung'olewa mapema. Kama haichomi, funua mdomo kila wiki kuanzia akitimiza miezi minne, na akizoea kuguswa fizi utapata nafuu hata ukija kumpiga mswaki.