Tupeane uzoefu: laptop mpya ilikutesaje siku ya kwanza kuiwasha?

Wakuu habari za muda huu. Dogo wangu kapata laptop ya chuo, mpya kabisa, bado ina nailoni zake, nyumba nzima tumekaa sebuleni tukijua ni kuwasha tu na kuanza kazi. Weee. Ikauliza nchi, ikauliza kibodi, ikafika kwenye intaneti ikaganda hapo, kitufe cha kuruka hakuna. Zamani ulikuwa unaandika jina lako unaendelea na maisha, sasa hizi za Windows 11 Home mpaka uunganishe mtandao halafu ufungue akaunti ya Microsoft ndo upite. Basi nikawasha hotspot ya simu, nilikuwa na bando la wiki GB 5, mashine ikaanza kushusha apdeti bila hata salamu, bando likakata na desktop hatujaiona. Kinachoniuma ni kwamba wanaotengeneza hivi vitu wanaamini kila mtu ana fiber ukutani. Nyie wenzangu ilikuwaje?

MtuWaBando
Pole mkuu, hapo wengi tumelia. Ukishaingia ndani kabla ya kufanya chochote nenda Settings, sehemu ya Network, bonyeza jina la hotspot yako uwashe Metered connection, yaani unaiambia mashine bando lina kikomo. Apdeti kubwa zinatulia, ingawa zile inazoona za lazima bado zinaweza kupenya. Na OneDrive, ile stoo ya Microsoft ya mtandaoni, iangalie, usipoikatalia inachukua vya Desktop na Documents inavipandisha juu kwa bando lako hilohilo, na nafasi ya bure kule ni GB 5 tu, ikijaa inaanza kukupigia kelele ulipie.

Dada wa Stationery
Mimi nataka kuongelea kibodi maana wateja wananiletea hapa wakisema laptop mbovu. Mtu anafungua akaunti, anafika kwenye email, anabonyeza Shift na 2 apate @, inatoka alama ya kufungulia semi. Anabonyeza tena, hivyohivyo. Anagonga kwa hasira. Dada angu hakuna kilichoharibika, mwanzoni ulichagua kibodi ya Uingereza na laptop yako ina ya Marekani, @ imehamia kwenye kile kitufe cha jirani na Enter. Ukishaingia ndani weka US, yanaisha. Nimeona mtu karudisha mashine dukani kwa hilo na dukani nao wakaipokea waikague, yaani wote hawajui.

Wa Bujumbura
Hapo kwa kibodi mmenigusa. Huku kwetu kuna nyingi za kutoka Ubelgiji na Ufaransa, zile za AZERTY, herufi zimepangwa Kifaransa. Shemeji alinunua moja, aliyemuwekea Windows akaacha mpangilio wa Kiingereza, akaweka password humohumo. Baadaye mtu mwingine akabadilisha ikawa Kifaransa kama vitufe vilivyo. Basi shemeji anaandika password yake vizuri kabisa, inakataa. Kumbe a imekuwa q, z imekuwa w, na namba nazo kwa AZERTY mpaka ushike Shift. Vidoti vinaficha kila kitu hauoni umeandika nini. Dawa ni kile kijicho cha pembeni ya password, kibonyeze usome ulichoandika, ama ubadilishe kibodi pale chini kulia kabla hujaingia.

Fundi Moshi
Niongeze wa used kutoka Dubai na Ulaya, maana kwa mnunuzi hiyo nayo ni mpya. Laptop inang'aa, betri nzima, bei nzuri. Ukifika hatua ya intaneti tu inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na inataka email ya kazini. Hiyo ilikuwa mali ya ofisi fulani na hawakuitoa kwenye usajili wao. Vijana wanapiga Windows upya wakidhani wamemaliza, ikionja mtandao kwenye setup jina lilelile linarudi, kwa sababu usajili haukai kwenye disk, uko kwenye seva na unaitambua mashine yenyewe. Kwahiyo kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aireseti mbele yako na uunganishe hotspot YAKO pale dukani. Akianza kusema mtandao unasumbua, ondoka.

Kichwa Ngumu
Fundi swali, ile ya kubonyeza Shift na F10 wakati wa kuseti kukwepa mtandao bado inafanya kazi?

Fundi Moshi
Inategemea toleo, mapya wanazidi kuiziba. Usiitegemee.

Niko Eldoret
Wasee yangu ilikuja bila Windows kabisa, ukiwasha unapata tu skrini nyeusi na maandishi. Nikaeka na flash, ikaingia poa, kufika ndani Wi-Fi haipo. Haionyeshi hata alama. Driver, ile programu ya kuamsha Wi-Fi, iko kwa intaneti, na intaneti inataka driver, sasa nianzie wapi? Jirani ndo aliniokoa, chomeka simu ya Android na waya ya USB, washa USB tethering, laptop inaona mtandao kama imechomekwa waya. Ikavuta driver yenyewe. Hiyo kitu wafaa kuandika kwa boksi.

Mwl wa Singida
Sisi walimu tunanunua zile za bei ya chini, disk ya GB 64. Mjue Windows 11 yenyewe inataka GB 64 kama kiwango cha chini kabisa, sasa mafaili yako utaweka wapi? Apdeti kubwa ikija inasema hakuna nafasi, unafuta picha, unafuta masomo, bado. Halafu yangu ilikuwa na kile kifungo cha Windows kinaitwa S mode, nachomeka flash yenye programu ya kuandalia matokeo, inaniambia hairuhusiwi mpaka itoke Store yao. Kuizima S mode ni bure, unaingia Store, ila ukishatoka hurudi tena. Sijui kwanini mtu angetaka kurudi.

Mama Junior
Yangu bado inanichoma. Dukani kijana alijitolea kunisetia, nikamshukuru na soda nikampa, akafungua akaunti kwa email YAKE kwasababu ndo iliyokuwa karibu. Mimi sikuambiwa. Nikatumia vizuri tu, mahesabu ya biashara na picha za harusi ya dada angu zote humo. Siku moja baada ya apdeti nawasha nakuta skrini ya bluu inataka recovery key, funguo yenye tarakimu 48. Arobaini na nane! Kumbe ukiingia na akaunti mashine inaweza kujifunga disk yenyewe na funguo inakaa kwenye akaunti ile, yaani ya yule kijana. Dukani kaacha kazi, namba haipatikani. Fundi akasema bila funguo hakuna ujanja, ni kufuta kila kitu. Tukafuta.

Dada wa Stationery
Uwiii. Mama Junior pole sana. Jamani wenye laptop zilizosetiwa dukani ingieni leo Settings, Accounts, muone email iliyopo ni ya nani.

MtuWaBando
Nimecheki ya mke wangu sasa hivi, kuna jina la mtu anaitwa "Cyber 2" 😂

Wa Linux
Ndo maana sisi wengine tuliweka Ubuntu badala ya Windows mapema, haidai akaunti ya mtu.

Niko Eldoret
Hawa hawakosekani. Sasa printa yako inafanya kazi?

Wa Linux
Printa naenda kwa Dada wa Stationery.