MREJESHO: Ile saiti ya Laravel iliyokuwa inatokea uchi kwenye seva

Wakuu, mimi ndo yule niliyelia juzi kwamba saiti niliyojenga kwa Laravel (fremuweki ya PHP) kwenye kompyuta yangu inapendeza ila nikiipandisha seva inatokea maandishi meusi na linki za bluu tu, na npm run build (amri ya kuandaa mafaili ya CSS na JavaScript ya kupandisha seva) nshapiga mpaka vidole vimechoka.

Imekubali! Aliyesema nifungue sosi ya ukurasa kwenye brauza Mungu ambariki, maana pale kwenye linki ya CSS (faili la muonekano) nikakuta http://localhost:5173, yani kila mgeni anaambiwa akachukue mafaili kwenye kompyuta yake mwenyewe, atayatoa wapi sasa. Kisa ni kifaili kinaitwa hot ndani ya folda ya public. Ukiwasha npm run dev (seva ya majaribio kwenye kompyuta yako) kinaandikwa chenyewe, ukizima kawaida kinafutika, mimi nilizipu mradi mzima huku dev bado imewaka nikapandisha na uchafu wake. Laravel ikikiona haina habari tena na public/build, folda yanakowekwa mafaili ya build.

Nikakifuta, saiti ikavaa nguo ila za wiki iliyopita 😅 kumbe zile build zote zilikuwa zinaishia kwangu, sikuwahi kuzipandisha. Nikapiga npm run build mara ya mwisho, nikapandisha public/build peke yake pamoja na manifest.json yake (orodha ya mafaili ya build), ikakaa sawa.

Na wale mlioniambia nipandishe node_modules yote (folda ya vifurushi vya npm), mlitaka kunimalizia bando, seva haiihitaji kabisa kama build umefanyia kwako.