Kikokotoo cha mafao ya kustaafu: tunagombania asilimia, panga lilipita kwenye 580 na 12.5

Wakuu, hasa watumishi wa Mbeya, Iringa na Njombe. Tangu Julai 2024 mkupuo (sehemu ya mafao unayopewa kwa mara moja ukistaafu) ulipopandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa waliotoka mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF, hapa Uyole walimu wanaimba wimbo mmoja: asilimia 50 ya zamani irudi. Mimi nasema hata ikirudi kesho, hampati walichopata waliowatangulia.

Chukueni karatasi. Mwalimu ana miezi 360 kazini, wastani wa mshahara unaokokotolewa ni 1,200,000, yaani 14,400,000 kwa mwaka.

Zamani: 360 gawanya kwa 540, zidisha 14,400,000, unapata 9,600,000. Zidisha 15.5 (miaka ambayo mstaafu anakadiriwa kulipwa), chukua nusu: mkupuo milioni 74.4. Nusu inayobaki ya ile 9,600,000, gawanya kwa miezi 12: pensheni 400,000 kila mwezi.

Sasa: unagawanya kwa 580, inabaki kama 8,938,000. Zidisha 12.5, chukua asilimia 40: milioni 44.7. Pensheni kama 447,000.

Kaachia karibu milioni 29.7 ili aongezewe 47,000 kwa mwezi. Hiyo hela itarudi baada ya miaka 52 na ushee, na mwenzetu anastaafu na 60!

Warudishie 50 huku 580 na 12.5 zikibaki: mkupuo milioni 55.9, pensheni 372,000. Vyote viwili viko chini ya zamani. Na ile kutoka 33 kwenda 40 tuliyoipigia makofi? Mkupuo umepanda milioni 7.8, pensheni imeshuka 52,000. Gawanya: miezi 150, miaka 12 na nusu. Ndiyo ile 12.5 yenyewe. Umetangulizwa hela yako mwenyewe, basi.

Karibuni mnipinge.

*Mstaafu, Makambako:*
Mwanangu, hesabu zako sizipingi. Ila jirani yangu alichukua mkupuo wa 50, akauziwa shamba la miti Mufindi ambalo lilikwishauzwa kwa mtu mwingine. Zilizobaki zikaenda kwa wakwe na bodaboda mbili zisizo na dereva wa kueleweka. Leo anakula pensheni. Bora kidogo kila mwezi.

*Mhasibu, Iringa Mjini:*
Mleta mada umeruka upande wa mfuko. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuwa wakichangia, PSPF ikabebeshwa kuwalipa miaka hiyo yote. Serikali ilikuja kutoa hati fungani za trilioni 2.17 kufidia sehemu tu ya deni. Mfuko wa namna hiyo ukiendelea na 15.5 unafilisika, mnakosa vyote. Mwaka 2018 mifuko ilipounganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, zilikuja hizihizi 580 na 12.5, tena na mkupuo wa 25. Magufuli akasitisha Desemba 28, turudi kwenye kikokotoo cha zamani hadi 2023. Ilikuwa kuahirisha tu, Julai 2022 zikarudi.

*Mleta mada:*
Mhasibu, deni la kabla ya 1999 lilitengenezwa na nani? Mtumishi anakatwa asilimia 5 yake kila mwezi, mwajiri anaweka 15, hakuna siku aliyoambiwa "mwezi huu acha". Aliyekuwa na deni alipe, si kumpandishia mwalimu kigawanyo kimyakimya.

Mzee wa Makambako, shikamoo. Hoja yako inanisaidia mimi. Kama pensheni ndiyo kinga, mbona nayo imekatwa? Mwalimu yule asipochukua mkupuo hata senti, kwa 540 angepata 800,000 kwa mwezi. Kwa 580 ni 745,000. Hapo hakuna shamba la miti wala wakwe.

*Muuguzi, Tukuyu:*
Mimi nabakiza miaka miwili. Nyumba iko kwenye linta, mtoto yuko chuo, na hapa mjini kuna wakopeshaji wa kausha damu wanaojua tarehe ya mshahara wangu kuliko mume wangu. Ninyi mnazungumza miezi 150, mimi natafuta bati. Wakisema 50, hata kwa hiyo 12.5, naipokea: milioni 11 zaidi ni paa, na chenji inabaki.

*Mleta mada:*
Dada, paa lako silipuuzi. Ila baada ya paa unaishi na 372,000 badala ya 447,000, kila mwezi.

*Muuguzi, Tukuyu:*
Nitaishi nayo chini ya paa. Hiyo 580 yako, nitajie mbunge mmoja atakayeisimamia, nami nitakuunga mkono.