Nitasimamaje Jumatatu kusoma "Sisi ni Familia Moja"?

MamaRuvu
Habarini wakuu. Naomba ushauri, jambo hili linaninyima usingizi. Mimi ni afisa utumishi kwenye kampuni ya usafirishaji hapa Dar. Juzi tumebandikiwa tunu za kampuni pale mapokezi, herufi za dhahabu: Uadilifu, Uwazi, Ubunifu, Familia Moja. Jumatatu ni uzinduzi, kuna keki na fulana, na mimi ndiye nimepangiwa kuzisoma mbele ya wafanyakazi wote.

Sasa mwezi uliopita dereva wetu mmoja alifiwa na mama yake, Songea. Alinipigia saa kumi alfajiri, nikamwambia nenda kazike, kaka. Aliporudi akaniletea kibali cha mazishi, amekikunja pamoja na tiketi ya basi, kina alama za vidole vya udongo mwekundu. Nikakipeleka juu. Nikajibiwa hakujaza fomu kabla ya kuondoka, kwa hiyo ni utoro. Siku nne zikakatwa. Aliyeandika ile "4" kwenye safu ya utoro ni mimi. Alipopewa karatasi ya mshahara hakusema neno, aliitia mfuko wa shati akarudi kwenye lori.

Nikifika kwenye tunu ya nne nitamtazamaje?

Mjukuu wa Pangani
Dada, soma tu. Una watoto wa kusomesha, na maneno ya ukutani hayajawahi kumfukuzisha mtu kazi. Kinachofukuzisha ni mdomo.

Mzee wa Kurasini
Pole mwanangu. Nimefanya ukaguzi wa hesabu maisha yangu yote. Enron, kampuni ya nishati ya kule Houston, Marekani, nayo ilikuwa na tunu nne: heshima, uadilifu, mawasiliano, ubora. Desemba 2001 ikafilisika, madeni yalikuwa yamefichwa kwenye kampuni za pembeni. Miezi michache kabla, Agosti, Sherron Watkins, mmoja wa makamu wa rais wake, alimwandikia mwenyekiti kumwonya juu ya hesabu hizo. Ndiyo mawasiliano hayo! Kampuni ikawauliza mawakili itakuwaje wakimfukuza. Wewe umeiona kasoro ikiwa bado ya siku nne na ya mtu mmoja. Ipeleke sasa, kwa maandishi, ubaki na nakala.

KalamuNyekundu
MamaRuvu, acha kwanza habari ya tunu, hapo sheria imevunjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34: mfanyakazi akifiwa na mzazi ana haki ya angalau siku 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho, na kibali anacho. Dereva ana siku 60 za kupeleka madai kama haya CMA, ile tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Mwambie asizipoteze.

MamaRuvu
Asanteni sana, na wewe Mzee, shikamoo. Mjukuu, nimekuelewa, ila kusoma tu siwezi. Leo asubuhi nimeandika barua ya ukurasa mmoja, nimeambatisha kifungu na kibali, nikamkabidhi bosi mkononi. Amesoma mara mbili. Amesema zitarejeshwa mshahara ujao, nikamwomba asaini, amesaini. Dereva nimempigia yuko Mikumi, nimemwomba radhi kwa ile "4" na nimemtajia zile siku 60. Kimya kirefu, kisha akasema, "Asante, dada. Mama alikuwa na miaka 71." Hakuna mtu ofisini aliyewahi kumuuliza.

Jumatatu nitasoma tunu tatu. Nimeshamwambia bosi kwamba ya nne nitaisoma hela ikishaingia.